Mgongo wa Mama Mkwe

Kila Januari, kabla maduka ya Tororo hayajafunguliwa, tajiri Ramji aliwakusanya madereva wake uani, kati ya magunia ya chumvi na mapipa ya mafuta ya taa, akawauliza mmoja mmoja: mwaka huu unataka barabara gani? Aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wenzake ndiye aliyechagua kwanza. Wa mwisho hakuchagua kitu, alipokea makombo. Ya Mbale ilikuwa ya lami, barabara ya wazee. Ya Osukuru ilikuwa fupi, unapita chini ya vilima vinavyochimbwa mawe ya mbolea na kurudi nyumbani mchana, umejaa vumbi jeupe kama mtu aliyekanda unga. Ya Kirewa ilikuwa matope na madaraja ya magogo, na maduka yanayonunua sabuni vipande vitatu kisha yanataka kupewa cha nne bure. Tamu ilikuwa ya Dabani mpaka Busia. Wenye maduka kule walikuwa wakarimu, na mwisho wa safari kulikuwa na mpaka, ambapo dereva alivuka upande wa Kenya, akanywa chai ya maziwa, akarudi bila mtu kumuuliza anatoka wapi.

Ilukor aliipata ya Dabani angali kijana, kwa bahati tu, kwa sababu aliyekuwa nayo aliacha kazi akaenda kulima. Akaipenda. Akampenda pia Taaka, binti Msamia aliyekuwa akiuza dukani Dabani, na katoni za sabuni zikaanza kuchukua muda mrefu ajabu kushushwa. Mwaka ule Uganda ilipopata uhuru ndio mwaka aliomwoa. Watu wa Osukuru, kwao Ilukor, walikwenda, watu wa Dabani wakapokea, ng'ombe wakahesabiwa, mambo yakaisha vizuri.

Isipokuwa barabara. Kwa Wateso wa kwao Ilukor na kwa Wasamia wa ukweni kwake, katika hili hapakuwa na tofauti: mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaitani majina. Mama yake Taaka aliitwa Edah, lakini jina hilo Ilukor hakuwahi kulitia kinywani mwake hata akiwa peke yake. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, mwenye lori aina ya Bedford linalosikika tangu mbali, ambaye kazi yake ni kupita kila wiki mbele ya nyumba ya mama mkwe. Mama wa watu alikuwa akisikia tu ule mngurumo, anatupa jembe na kukimbilia nyuma ya jiko.

Walivumiliana hivyo mpaka siku ya mvua. Ilukor alikuwa akirudi Tororo, na mpakizi wake, Omaido, mtu mzima mwenye huruma kupita kiasi, alikuwa nyuma ya lori chini ya turubai. Kila walipokuta watu wamelowa, Omaido aligonga bodi, lori likasimama, watu wakapanda. Walipofika sokoni wakafungua mlango wa nyuma. Akashuka mwanamke wa kwanza, akashuka wa pili, na wa tatu alikuwa mama mkwe. Ilukor mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama pale, mkono ameunyosha kuwashika watu wasiteleze. Alimshika. Alimshika kiganja, na wakatazamana machoni mbele ya watu wote.

Kisha soko zima likacheka. Mama mkwe alijifunika leso kichwani, akaondoka kwenye mvua karibu akikimbia. Ilukor alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na lori lake. Wazee wakaamua apeleke mbuzi ili aibu ifutwe, akapeleka, ikafutwa kwa wazee. Kwa watani haikufutwa. Odhiambo, mfanyabiashara wa upande wa Kenya ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, kila alipomwona alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Ilukor! Leo umebeba nini? Chumvi, sukari, ama wakwe?"

Januari iliyofuata Ilukor alikuwa wa tatu katika kuchagua. Mbale na Osukuru zilikwisha kuchukuliwa, na kila mtu alijua atasema Dabani.

"Kirewa," akasema.

Tajiri Ramji alidhani hakusikia vizuri. Hakuna dereva aliyewahi kuiomba Kirewa. Ilukor akaeleza, macho chini, kwamba ni kwa ajili ya heshima ya wakwe. Jambo likavuma. Yule aliyekuwa kichekesho akawa mfano. Wazee waliwaambia vijana wao: mnamwona Ilukor? Ameacha barabara yenye mafuta akaenda kusukuma lori matopeni ili mama mkwe wake atembee kwa raha. Naye, tuseme ukweli, sifa zile zilimwingia. Aliyaona matope ya Kirewa kama nishani. Jina la mkwe mwenye adabu akalitunza kuliko alivyoitunza injini, na ile injini aliipenda.

Wakapata mtoto, Amuge. Kuanzia alipojua kutembea, Amuge aliijua honi ya baba yake. Bedford likipiga honi mara mbili kule kwenye kona ya Osukuru, mtoto anaacha chochote alichoshika, uji, kuku, chochote, anatoka mbio barabarani huku akicheka. Majirani walikuwa wakimfunga kanga kiunoni ili wapate pa kumkamatia. Taaka alipokuwa mjamzito mara ya pili, Amuge akapelekwa Dabani kukaa na nyanya yake kwa muda, kama ilivyo kawaida. Ilukor akabaki na kona yake isiyo na mtu wa kumkimbilia. Hata hivyo aliendelea kupiga honi pale, mara mbili, kwa mazoea.

Ndipo mvua kubwa zikaja, zikabeba daraja la Kirewa, magogo na misumari yake. Tajiri Ramji hakutaka kusikia habari za wakwe.

"Daraja hakuna, wewe kwenda Dabani. Mpaka jengwa tena."

Basi Ilukor akarudi barabara yake ya zamani. Alipokwenda hakuona mtu. Alipita mbele ya nyumba ile kwa kasi, jasho likimtoka, akashusha mzigo Busia, akalala huko. Asubuhi alianza safari ya kurudi akiwa peke yake, kwani Omaido alikuwa amebaki upande wa Kenya kwenye msiba wa shangazi yake. Lori lilikuwa tupu. Lilirukaruka mashimoni na kupiga kelele kama debe.

Alipoipita Dabani kidogo, pale barabara inaponyooka, akamwona mwanamke mbele yake. Alikuwa akitembea kuelekea Tororo. Aliposikia lori alisimama. Hakugeuka kutazama. Aliivuta leso ikafunika kichwa, akabaki hivyo, mgongo kwa Ilukor.

Alimtambua mara moja. Kuna watu unaowajua kwa mabega kuliko kwa uso, na mama mkwe humjui kwa kingine. Akapunguza mwendo.

Sasa hapa tusimwachie ajifiche. Mtu anayepisha gari huenda kando, huingia majanini. Mama huyu alisimama katikati, kati ya njia mbili za magurudumu, na hakusogea hata lori lilipokaribia. Ilukor aliliona hilo. Aliona pia mkono wa kulia wa mama ukitoka pembeni, kiganja wazi, ukipungapunga chini chini. Kitu kikamchoma moyoni, kikamwambia simama. Lakini kusimama maana yake nini? Kushuka, kusogea, kusema naye, mkwe na mama mkwe barabarani mchana kweupe, na huku nyuma Odhiambo na wenzake wanangoja la kusimulia. Akajiambia kwamba mama anampisha. Akajiambia kwamba mkono ule unasema pita. Akajitia hamnazo.

Akakata usukani, magurudumu yakaingia kwenye nyasi, ambako nafasi ilikuwa tele. Alipokuwa sambamba naye, akavua kofia na kujikinga nayo upande ule wa uso, asimwone wala asionekane. Akapiga honi mara mbili, taratibu, ya heshima. Kisha akarudi barabarani na kukanyaga mafuta.

Mbele kulikuwa na senta ndogo ya maduka, na hapo Elinah aliuza chai na mandazi. Ilukor alisimama. Alikuwa na furaha, na alitaka watu wa kuisikia. Aliwasimulia waliokaa kwenye benchi jinsi alivyokutana na mama mkwe barabarani, jinsi kila mmoja alivyomgeuzia mwenzake mgongo, jinsi alivyoingia majanini na lori zima, tajiri na akasirike akitaka. Na kofia je? Akaonyesha alivyoishika kofia.

"Hiyo ndiyo adabu," alisema mzee mmoja. "Vijana wa siku hizi nasalimia mama mkwe na mkono, kama nasalimia polisi."

"Taaka alipata bwana," Elinah akasema, akamwongeza chai bila kuombwa. Akainywa polepole. Akaomba mandazi. Akaisimulia tena kwa waliochelewa, na safari hii nyasi zilikuwa ndefu zaidi na shimo likaongezeka.

Alikuwa bado na kikombe mkononi Okochi alipotokea kwa baiskeli kwenye njia ya mkato ya mashambani, jirani wa wakwe zake kule Dabani. Alikuwa anahema, shati limemganda mgongoni. Aliliona lori kwanza, kisha mwenye lori, na uso wake ukaonyesha kwamba haelewi.

"Ilukor? Wewe iko hapa? Nakunywa chai?"

"Karibu, kaa. Nilikuwa naambia hawa..."

"Mtoto iko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto yako! Amuge!" Okochi aliitupa baiskeli. "Usiku homa imeshika yeye, asubuhi shingo imekaza kama mti. Sista wa zahanati amesema peleka Tororo sasa hivi, gari yao imekwenda mbali. Mama amebeba yeye kifuani, nakwenda na miguu. Mimi nilikuwa natafuta gari Busia, wakaniambia ya kwako imetoka tupu. Nikasema Mungu ni mkubwa, atakuta wao njiani. Hukukuta wao?"

Wale waliokuwa wakimsifu walitazama vikombe vyao. Kofia yake ilikuwa mezani, na Ilukor aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kifuani. Alimbeba kifuani, kwa mbele, na yeye aliuona mgongo.

Hakumbuki alivyogeuza lori. Anachokumbuka ni kwamba barabara ile aliyoikimbia kwa haraka ilikuwa ndefu mno kurudi. Alimkuta mama mkwe ameketi kwenye ukingo wa kalvati inayopitisha maji chini ya barabara, ndala moja imekatika, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Aliposikia lori akasimama. Na kwa mara nyingine, Mungu amsamehe Ilukor, mama yule mwenye adabu akageuza mgongo.

Ilukor alishuka. Akamzunguka mpaka mbele, akasimama mbele yake. Mama akainamisha kichwa, leso ikamfunika uso, na chini ya leso Ilukor alimwona mwanawe. Macho ya Amuge yalikuwa wazi, yamegeuka juu. Kichwa kilikuwa kimevutwa nyuma. Alikuwa hapumui vizuri.

"Mama," Ilukor akasema. "Panda."

Mama alikwenda kwenye mlango wa mbele, akamlaza mtoto kitini, kisha akazunguka kwenda kupanda nyuma, palipo mahali pake. Ilukor akatazama kile kiti, akatazama mashimo ya barabara. Mtoto peke yake pale angeanguka kwenye shimo la kwanza. Lazima mtu amshike, na mwenye usukani hawezi.

"Panda hapa mbele, mama. Mshike yeye. Mimi naomba."

Mama alisimama kidogo, mkono juu ya bodi. Halafu akapanda mbele. Akampakata mtoto, akaugeuza uso dirishani, akajibanza kwenye mlango mpaka ukalia. Bega lake na la Ilukor hayakugusana, lakini kabini ya Bedford si pana. Kila shimo lilijaribu kuwagusanisha.

Wakapita senta. Watu wote walikuwa wametoka nje: Elinah, yule mzee, Okochi na baiskeli yake. Waliwaona, mkwe na mama mkwe, kiti kimoja, mchana kweupe. Hilo ndilo Ilukor alilokuwa akilikimbia miaka yote, ndilo lililompeleka Kirewa. Hakuna aliyecheka. Mzee alivua kofia. Ilukor angelipa chochote wamzomee.

Mwamba wa Tororo ulikwisha kuonekana mbele mama alipoanza kusema. Hakusema naye. Alisema na mtoto, kama inavyoruhusiwa, akimpangusa povu mdomoni kwa ncha ya leso. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kumwambia mtoto amalize uji.

"Amuge, mwambie baba yako. Mtu anayepisha gari nasimama kando. Mimi nilisimama katikati."

Ilukor alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyapanga tangu kwenye kalvati: sikujua, nilidhani, ni kwa heshima. Hata moja halikufaa tena. Alitaka kusema kwa njia ileile, Amuge, mwambie nyanya yako, na hakuwa na la kumwagiza mtoto. Aliendesha huku machozi yakimwingia kinywani, na mama mkwe wake akitazama nje ya dirisha kwa adabu ili asimwone.

Hospitali ilimwokoa mtoto. Alilala huko wiki nyingi, na alipoanza kukaa, kula na kutabasamu, Taaka aliimba wodini mpaka wauguzi wakamnyamazisha. Kisha wakagundua kwamba Amuge hakuwa akiusikia wimbo ule. Ukimwita Amuge kwa nyuma hageuki. Ukiangusha sinia hashtuki. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule huwafanya watoto wengi hivyo, kwamba pengine hata wangewahi mapema ingekuwa vilevile, hakuna ajuaye. Ilukor alimshukuru. Hakumwamini, na wala hakutaka kumwamini, maana alijua pale kwenye chai alikaa muda gani.

Alingoja atukanwe. Alikwenda Dabani na mbuzi wa pili, kwa ajili ya kile kiti cha mbele, akitumaini kwamba wazee safari hii watamwambia ukweli wake. Wakampokea kwa mikono miwili. Mzee wa ukoo akasimama akasema kwamba mkwe huyu hana kosa, alifanya kama mila inavyotaka, akageuza uso kama mwanamume mwenye malezi, na bahati mbaya haina mwenyewe. Watu wakaitikia. Taaka naye alikwisha kusimuliwa hivyo hivyo, akalia, akamshika mumewe mkono. Ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba Ilukor aliuona ule mkono na kupita, na huyo alikuwa nyuma ya nyumba akichochea moto. Mila haikumruhusu kutoka na kusema, na hata ingemruhusu, Ilukor alijua asingesema. Alikula nyama ya mbuzi wake huku akisifiwa.

Januari wakakusanyika uani kwa Ramji. Wazee wa Mbale na Osukuru walikuwa wamestaafu, na sasa Ilukor ndiye wa kwanza kuchagua. Lami ilikuwa yake akiitaka. Madereva vijana walikwisha kumpongeza.

"Dabani," akasema.

Mwaka uliofuata akasema hivyohivyo, na uliofuata pia. Watu walieleza kwamba mambo yake na wakwe yamekuwa mepesi. Odhiambo alipomwona Busia alimpungia mkono tu. Daraja la Kirewa lilikuwa limejengwa upya, la zege, na kila dereva aliisifu Kirewa, lakini Ilukor hakurudi huko. Amuge alikuwa amerudishwa kwa nyanya yake, ambaye peke yake alizijua ishara zake zote, na mtu aliyetaka kumwona Amuge ilimbidi apite Dabani.

Siku moja, mwaka sitini na tisa, alikuwa akirudi na lori limejaa watu waliotoka sokoni Busia. Pale barabara inaponyooka, mtoto wa kike alikuwa akitembea mbele, katikati kabisa, debe dogo la maji kichwani. Mgongo wake ulikuwa kwao. Kando, majanini, mbali kabisa na njia, mwanamke mzima alikuwa amekwisha kugeuka na kujifunika leso, amesimama pale anaposimama mtu anayepisha.

Mkono wa Ilukor ulikwenda kwenye honi kwa mazoea. Akauondoa. Akazima injini, lori likasimama.

"Dereva, piga honi!" wakapiga kelele huko nyuma.

"Hasikii."

"Basi zunguka! Nafasi iko!"

Nafasi ilikuwepo kweli, nyasi tupu upande wa kushoto, ya kutosha lori na zaidi. Ilukor akavuta breki ya mkono, akaiacha kofia kitini, akashuka kwenda kumzunguka mwanawe mpaka mbele.